Tanuri la mbao Mafinga: mzigo wa tano na ukungu wa tabaka la nne

Leo ni siku ya 34 tangu mzigo wa tano wa mbao uingie katika tanuri langu la kuzikausha kwa jua, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mradi huu sijakuta ubao hata mmoja wenye ukungu. Asubuhi nilipangua rundo hadi tabaka la nne, nikatoa mbao tatu za upande ulio mbali na feni, mahali palepale palipoharibika katika mizigo yote minne iliyotangulia, nikazipeleka nje kwenye mwanga na kuzigeuza pande zote. Zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka kwenye msumeno, na bado zilinukia utomvu. Nilisimama nazo mikononi kwa muda kabla ya kuzirudisha.

Ujenzi wa tanuri sitaurudia: ni banda la nailoni ya kitalu nyumba, mabati meusi chini ya paa, feni mbili na matundu ya hewa nyuma. Mbao ni paini ya mbili kwa sita, iliyopasuliwa kwa dingdong, yaani mashine ndogo ya kupasulia mbao. Wanaofanya kazi hii huku wilayani Mufindi wanajua maana yake: ubao mmoja unaweza kuwa na unene wa milimita 47 upande huu na 56 upande wa pili, hivyo fito, vile vijiti vinavyotenganisha tabaka na tabaka, hazikai sawa na hewa hupita pasipotarajiwa. Wanajua pia kwamba paini inayokatwa ikiwa changa karibu yote ni ile sehemu nyeupe ya nje, yenye sukari ambazo kuvu huzila kwa haraka.

Ukungu wenyewe ulinisumbua kwa sababu ulikuwa na mahali pake. Haukutokea juu ya rundo wala chini. Ulianza siku ya tatu au ya nne, katika tabaka la tatu hadi la sita, kama vumbi la kijani katika vidoa visivyozidi ukubwa wa sarafu, daima kando ya ufito, kisha ukaenea na kuwa mweusi. Katika mzigo wa kwanza nililaumu fito, ambazo zilikuwa mbichi, nikazikausha. Katika mzigo wa pili nililaumu magogo yaliyolala msituni muda mrefu; nikapanga na wapasuaji mbao ziingie tanurini siku hiyohiyo ya kupasuliwa. Doa la bluu, lile linaloingia hadi ndani ya ubao na ambalo hakuna randa inayoliondoa, lilipungua sana. Ukungu wa kijani ulibaki palepale. Nikaosha mbao kwa maji ya klorini, ukafifia, na baada ya siku tano ukarudi.

Kilichonifumbua macho ni kijiti cha udi. Katika mzigo wa nne niliingia tanurini feni zikiwa zinazunguka, nikawasha udi na kuushika mbele ya kila tabaka. Juu ya rundo moshi ulikimbia kama umevutwa na kamba. Mbele ya tabaka la nne ulipanda wima, bila kuyumba. Kati ya rundo na paa niliacha nafasi ya karibu sentimita 60, na hewa yote ilipita huko, kwa kuwa hakuna hewa inayochagua kupenya katika mianya ya milimita 20 ikiwa imepewa njia pana. Muda wote huo feni zangu zilikuwa zikikausha dari.

Nilining'iniza turubai kuukuu kutoka kwenye paa hadi likalalia mbao za juu, nikaziba na pembe za pembeni kwa magunia. Nilipowasha udi tena, moshi uliingia kati ya mbao na kutokea upande wa pili. Kazi hiyo ilinichukua saa moja, baada ya miezi ya kuhangaika na dawa.

Hata hivyo turubai peke yake lisingetosha, kwa sababu ya usiku. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 40 inaweza kubeba takriban gramu 51 za mvuke. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 15 inabeba takriban 13 tu. Mimi nilikuwa nikifunga matundu saa kumi na mbili jioni ili kutunza joto, na usiku wa Mafinga mwezi wa Juni au Julai hakuna joto la kutunza. Mvuke wote wa mchana uligeuka maji kwenye nailoni na kudondokea mbao. Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule unaofunika mashamba ya chai alfajiri na kwa huu unaokula mbao, na ndani ya tanuri langu ule wa kwanza ulikuwa ukiuzaa huu wa pili. Safari hii, siku sita za mwanzo, matundu yalikaa wazi usiku na mchana na feni hazikuzimwa. Bili ya umeme ilipanda, lakini paini, tofauti na mbao ngumu, inastahimili kukaushwa kwa kasi mwanzoni bila kupasuka, na ubao ambao uso wake umekauka mapema haumpi kuvu pa kuota. Baada ya hapo ndipo nilianza kufunga matundu kidogo kidogo, na kuzima feni usiku.

Sasa kuhusu kipima unyevu cha pini, ambacho nilikiamini kuliko nilivyopaswa. Mzigo wa tatu niliutoa kiliposoma asilimia 17, nikazipanga mbao ghalani bila fito, na wiki mbili baadaye kila uso uliogusana na mwenzake ulikuwa na ukungu wa kijivu. Pini za kifaa changu huingia milimita 8, na ubao una milimita 50. Nilikuwa nikipima ganda, huku moyo wa ubao ukiwa bado umejaa maji yaliyokuja kujitokeza polepole. Isitoshe, mbao zikiwa moto kifaa husoma juu ya ukweli, takriban asilimia moja kwa kila nyuzi 10 zaidi ya 20, na kikivuka asilimia 30 kinachosoma si cha kutegemewa kabisa. Sikitupi, kwa kuwa kinafaa kulinganisha ubao na ubao mwishoni, lakini kwa uamuzi wa kutoa mzigo natumia mizani ya jikoni.

Nilikata kipande cha upana wa milimita 25, mbali na ncha ya ubao, kikapima gramu 164. Nilikiweka kwenye oveni kwa nyuzi 103 hadi uzito ukaacha kushuka: gramu 75. Unyevu wa kuanzia, yaani maji yakilinganishwa na uzito wa mbao kavu, ulikuwa hivyo asilimia 119. Ubao wa sampuli, wenye urefu wa sentimita 50 na ncha zilizopakwa rangi ya mafuta tabaka mbili, ulikuwa na gramu 3,420, na kwa hesabu hiyo ukikauka kabisa utabaki na gramu 1,564. Unakaa katika tabaka la nne, kwenye nafasi niliyouachia ili uchomoke bila kugusa mbao nyingine. Siku ya 19 kipima unyevu kilisoma 18. Mizani ikaonyesha gramu 1,986, yaani asilimia 27. Kama ningefuata kifaa, ningerudia kosa la mzigo wa tatu.

Nilikuwa nimepanga mwezi huu kufunga kidhibiti cha kufungua matundu chenyewe, na vipuri vipo mezani. Nimeviweka kando, kwa sababu tangu nianze kupima uzito nataka kwanza sampuli tatu katika matabaka tofauti, nione tofauti ya juu na ya kati. Vipima unyevunyevu vya hewa vya kidijitali vilishaniharibikia viwili kwa mvuke. Vipimajoto viwili vya kawaida, kimoja kikiwa kimevikwa utambi wa pamba uliolowa ili tofauti ya visomo ionyeshe unyevu wa hewa, havijawahi kuniangusha.

Lengo la mzigo huu ni asilimia 14, sawa na gramu 1,783. Asubuhi hii ubao wa sampuli ulikuwa na 1,801. Zimebaki gramu 18, na kesho saa moja nitaupima tena.