Asubuhi ya shule hapa kwetu

Watu huniuliza eti watoto wangu saba nawafundishaje hapa nyumbani peke yangu, lakini si peke yangu jamani, wakubwa wanashika wadogo. Hapa Kitengela tukishamaliza ibada na chai kila mtu anaenda kwa dawati lake, tunatumia mtaala wa Kikristo wa ACE (Accelerated Christian Education) ule ulianzia Marekani 1970, somo moja ni vijitabu 12 kwa mwaka na mtoto anaenda na spidi yake. Akikwama anasimamisha kibendera, nami nafika hata kama nina mwiko mkononi. Juzi wa miaka saba alisimamisha chake mbio mbio, kumbe alitaka tu nimsikilize Zaburi 23 bila kuangalia, akaimaliza yote na mdogo wake anaitikia amina kila mstari, nilifurahi sana!! Hesabu za wakubwa ndio ngumu, hizo ni za baba yao jioni akitoka job. Na bajeti pia, maana vijitabu vinajazwa majibu humo humo ndani, mdogo hawezi kurithi cha mkubwa, kwa hivyo kila muhula tunaanza kuweka pesa mapema, kidogo kidogo.