Diazepamu kwenye degedege: hesabu kwanza, sindano baadaye

Mvua ikizidi Mbarali au Pawaga, majaruba yakafurika na mifugo ikaanza kutupa mimba, degedege lisikufanye uwaze malaria peke yake. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kumpata hata binadamu, ilifika mkoa wa Iringa mwaka 2007, na kirusi chake huweza kushambulia ubongo wiki 1 hadi 4 baada ya dalili za kwanza. Ni wachache, chini ya 1 katika kila wagonjwa 100. Kipimo cha malaria kikisoma chanya, tibu malaria, ila usiache kutafuta chanzo kingine.

Diazepamu haiui kirusi. Inazima degedege ili ubongo usizidi kuumia, basi.

Degedege likifika dakika 5, anza. Mlaze mtoto ubavu, futa mate, usimtie kijiko mdomoni. Pima sukari hapo hapo: ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, mpe deksitrosi (maji ya sukari) ya 10%, ml 5 kwa kilo. Ukiiruka hatua hii utamlaza mtoto usingizi huku ubongo una njaa.

Ampuli ya diazepamu ina mg 10 katika ml 2. Kwa njia ya haja kubwa ni mg 0.5 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 anapata mg 6, yaani ml 1.2. Ng'oa sindano, ingiza bomba dogo sentimita 4 hadi 5, kisha bana matako dakika chache. Ukiachia mapema dawa yote inarudi kwenye nepi. Usiichanganye na maji, inachafuka na kuwa kama maziwa. Usichome kwenye msuli: inafyonzwa ovyo, na Homa ya Bonde la Ufa, kama dengi, inaweza kumfanya mgonjwa avuje damu. Kwa sababu hiyo hiyo, homa ishushwe kwa parasetamo, si diklofenaki wala aspirini.

Wazee husema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Msikilize bibi, usimkaripie. Diazepamu ikisukumwa haraka mshipani kweli inaweza kukata pumzi. Mwambie: "Bibi, sichomi, naiweka kwa chini." Mshipani isukume taratibu kwa dakika 2 au zaidi, ambu (mfuko wa kumpulizia pumzi) ikiwa mkononi, macho kifuani.

Baada ya dakika 10 unaweza kurudia mara moja. Dozi ya tatu hapana. Hapo ni fenobabitoni, dawa nyingine ya degedege, mg 20 kwa kilo, kwa dripu ya dakika 20, na gari la rufaa liitwe. Kwenye karatasi ya rufaa andika saa, njia na kiasi cha kila dozi, maana daktari wa Mbeya asipoviona ataanza upya na diazepamu.