Haidreti za methani: gesi ipo, tatizo ni mchanga na joto

Meta moja ya ujazo ya haidreti ya methani, kitu kama barafu kilichofungia gesi ndani yake, ikiachana hutoa takriban meta za ujazo 160 za gesi, pamoja na meta ya ujazo 0.8 ya maji. Wengi huishia kwenye hesabu hiyo. Lakini methani hii imefungiwa ndani ya vizimba vya molekuli za maji, na hubaki humo palipo na baridi na mgandamizo mkubwa tu: chini ya sakafu ya bahari yenye kina kirefu, au chini ya ardhi iliyoganda daima.

Kuipasha moto kulijaribiwa Mallik, kaskazini mwa Kanada, mwaka 2002, kwa kuzungusha maji ya moto kisimani. Gesi ilitoka, ila kidogo mno. Njia inayotegemewa leo ni kushusha mgandamizo: unachimba hadi tabaka la mchanga lenye haidreti, unateremsha pampu ya umeme, unavuta maji, na gesi inapanda kwa bomba lake.

Usivute kwa pupa. Haidreti ikiachana hunyonya joto la tabaka lenyewe, kwa hiyo kadiri unavyoharakisha ndivyo mahali panavyopoa na gesi kupungua. Mgandamizo ukishuka chini ya megapaskali 2.6 hivi, maji yanaweza kuganda kwenye vinyweleo vya mchanga na kuziba njia.

Mchanga ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu haidreti ndiyo iliyokuwa imeshikamanisha chembe zake. Ikiondoka, chembe zinalegea na kufuata maji hadi kwenye pampu. Huko Nankai, Japani, jaribio la Machi 2013 lilitoa karibu meta za ujazo 120,000 kwa siku sita, kisha mchanga ukalikatiza. Mwaka 2017 kisima cha kwanza kilipatwa na hayohayo. Cha pili, chenye chujio lililoandaliwa tofauti, kilienda siku 24. China nayo, mwaka 2020, ilitumia kisima cha mlalo eneo la Shenhu ikapata meta za ujazo 861,400 za gesi kwa siku 30. Ni hatua kubwa kweli, ila kisima cha biashara hupimwa kwa miaka.

Na pampu ikizimika ghafla? Mgandamizo hurudi, na gesi iliyokutana na maji baridi bombani inaweza kuganda upya kuwa haidreti. Andaa mapema njia ya kuingiza methanoli, kemikali inayozuia haidreti kuganda, maana bomba likishaziba, kulizibua ni kazi ya hatari.