Nilivyopata hedifoni zisizochoma masikio

Hatimaye nimepata raha, naandika ili mwenzangu asihangaike. Nikisikiliza taarabu usiku hapa Lamu, fidla na zile "s" za mwimbaji zilikuwa zinanichoma masikio. Kupunguza sauti hakukusaidia. Kuongeza besi kwenye simu kulizamisha udi na ganuni.

Nikachagua Sennheiser HD 650, zinazosifika kwa sauti nzito na laini. Zina ukinzani wa umeme wa omu 300, yaani zinahitaji nguvu zaidi, simu ikazisukuma kwa unyonge, nikaziunganisha na amplifaya ndogo. Nafuu kubwa! Ila kilichomaliza kazi ni ikwalaiza, yaani kirekebishi cha sauti nene na nyembamba: nilishusha desibeli 3 tu kati ya hezi 6,000 na 8,000, kwenye sauti nyembamba zilikokuwa zile "s" kali. Ukishusha zaidi, mwimbaji anasikika kama amejifunika blanketi.

Ukienda kununua, jaribu kwa wimbo ule ule unaokuumiza.