Iceland siku 4, na habari ya mlango wa gari

Leo jioni tumefunga ratiba ya Iceland. Siku 4, mwezi wa tisa.

Kuzunguka kisiwa chote ni zaidi ya kilomita 1,300. Tumeachana nayo.

Tunashika pwani ya kusini: Reykjavík, mji mkuu, hadi kijiji cha Vík kama kilomita 190, kisha karibu 190 tena hadi Jökulsárlón, ziwa lenye mapande ya barafu yanayoelea. Kurudi ni njia ileile.

Mwisho wa mwendo nje ya miji ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe.

Lakini kilichonikaa kichwani ni mlango wa gari! Upepo huukunja mpaka bawaba, na bima nyingi hazilipi. Egesha pua ikitazama upepo, shika mlango kwa mikono miwili.

Mliokwishafika, Vík tulale usiku mmoja au miwili?