Anayemuuguza mama hulipwa ngapi?

Jumatano, usiku

Mama amelala na nina muda kidogo kabla ya kumgeuza. Wiki hii nimeulizwa na mashemeji, na jirani wa ghorofa ya pili, na kaka aliyeko Muscat, ambaye ndiye mtuma pesa kwa hivyo ana haki zaidi ya kuuliza: huyu dada wa sasa tulimpata wapi, na yule wa kwanza aliondokaje? Naandika hapa mara moja nipumzike kusimulia.

Kiharusi kilimpata mama mwaka jana. Upande wa kushoto ulilala, ulimi ukawa mzito, lakini akili yake timamu kabisa. Anajua kila anachofanyiwa, na asiyempenda atamjulisha kwa jicho. Siku ya kuruhusiwa hospitali tulipewa karatasi ya dawa za presha na maagizo matatu: ageuzwe kila baada ya saa mbili, ale akiwa ameketi wima, asivutwe mkono uliolala. Basi. Mombasa hapa wengi humalizia kwa kumwongezea binti wa kazi elfu mbili tatu. Sisi tulishika zamu wenyewe mpaka viuno vikakataa, ndipo tukaanza kutafuta kampuni za uuguzi wa nyumbani.

Shangazi alitupigia simu: "Mwamtia mama yenu mikononi mwa mtu baki na nyinyi mko hai?" Sikumjibu. Yeye huja Idi kwa Idi.

Nilizungumza na ofisi kadhaa. Karibu zote zilianza hivi: mwataka wa kulala au wa kurudi kwake? Kisha: mwataka Mwislamu au yeyote? Swali la pili lina maana kwetu. Mama hakubali kuoshwa na mwanamume, huswali kwa ishara akiwa kitandani, na lazima nepi ibadilishwe na asafishwe kabla ya kila swala. Lakini hakuna aliyeniuliza kama anameza vizuri. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na maji ya kunywa tu, yakashuka mapafuni yakamletea nimonia. Anayekutajia bei kabla hajajua hilo anakuuzia saa za kazi, na saa hata mimi ninazo.

Karatasi nilizikagua, sisemi zisikaguliwe. Usajili wa kampuni, majina ya wakurugenzi, cheti cha mwenendo mwema cha DCI, yaani polisi wa upelelezi, kwa kila anayetumwa. Akiitwa nesi, omba namba yake ya leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya uitafute mwenyewe. Hapo ndipo utakapogundua kwamba wengi wanaoletwa si manesi. Ni wahudumu waliosoma kozi fupi, na baraza hilo haliwasajili. Mimi sina tatizo na hilo, maana kazi nyingi ya mama ni kuoshwa, kulishwa, kugeuzwa na kunyooshwa viungo. Tatizo ni mhudumu kuvalishwa sare nyeupe ukatozwa bei ya nesi, na siku mpira wa mkojo ukiziba hajui pa kuanzia. Kwa hivyo nilitaka waandike kwenye mkataba: sindano, mpira na kidonda vinashughulikiwa na nani, na anafika kwa muda gani akiitwa.

Kampuni ya kwanza ilikuwa na karatasi zote hizo, zimepangwa kwenye faili vizuri kabisa.

Yule binti alikuwa mpole na mama hakulalamika. Kila jioni aliandika kwenye daftari: chakula, choo, dawa, presha. Siku moja nikalipitia daftari lote kwa mkupuo. Presha ya asubuhi 130/80, ya jioni 130/80, ya kesho yake 130/80, wino ule ule, mwandiko haujatikisika, kama mtu aliyekaa akajaza wiki nzima kwa pamoja. Nikachukua kile kipimo nijipime mwenyewe. Hakikuwaka. Nilipofungua nyuma nikakuta betri zimevuja mpaka vyuma vimeshika kutu.

Nilimkalisha jikoni nikamuuliza. Hakukana. Usiku alikuwa akimlinda mgonjwa mwingine mtaa wa pili, asubuhi anaingia kwetu hajalala. Nikamuuliza kisa. Akanitajia mshahara wake, na haukufika nusu ya tulichokuwa tukiilipa ofisi. Akiugua hakatiwi tu siku hiyo, huambiwa pia atafute mwenyewe wa kumshikia. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, hasira ikaniishia kwake ikahamia kwingine. Huwezi kumtegemea mtu kwa mama yako wakati waliomtuma wanamkamua hivyo.

Baada ya hapo swali langu la kwanza kwa kila ofisi likawa hili: katika pesa nitakazolipa, ngapi zinamfikia yeye? Meneja mmoja alicheka. Mwingine akasema hiyo ni siri ya kampuni. Wa tatu, mama wa makamo aliyekuwa nesi wa wodi kabla ya kustaafu, aligeuza kompyuta yake upande wangu akanionyesha: mshahara, akiba ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya SHA ile asilimia 2.75 ya mshahara, na kinachobaki ofisini. Nikamuuliza kuhusu mapumziko. Akasema Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja katika kila saba, siku hiyo ofisi yake ndiyo huleta badali, mtu wa kumshikia, na bei aliyonitajia ishamhesabu badali. Halafu akaongeza, "Hiyo ni ya kukisia tu, bei yenyewe bado, mpaka nimwone mgonjwa."

Akaja na mhudumu wake. Kwanza alimpa mama maji kijiko kimoja, akangoja, akamwambia aseme "aaa", akaisikiliza sauti kama imelowa. Mhudumu wakati huo amesimama kando. Nikatoa dera safi nikamkabidhi bila kusema lolote. Aliamkia: "Shikamoo mama, naomba nikushike." Akalivua lile chafu akianzia mkono mzima, ule uliolala ukatoka mwisho. Kuvisha akageuza: mkono uliolala kwanza, ameutegemeza kwenye kiwiko na kiganja, kisha kichwa, kisha mkono mzima ukajiingiza wenyewe. Bega halikuguswa. Mama akanitazama, akafumba macho. Kwa ninavyomjua, amekubali.

Kaka alitaka kamera. Tumeweka moja sebuleni. Chumbani mama alikataa, na neno lake ndilo.

Sasa jirani ananishauri nimchukue huyu dada mwenyewe, niipige teke ofisi, yeye apate zaidi nami nilipe kidogo. Hesabu inavutia, sikatai. Lakini mkataba unakataza, na hata usingekataza, nitakuwa mimi ndiye mwajiri: makato ya kila mwezi ni yangu, likizo ya siku 21 kwa mwaka ni yangu, na akipiga simu saa kumi na moja alfajiri kwamba ana homa, badali nitamtoa wapi? Hicho kinachobaki ofisini ndicho kinachonunua hilo jibu. Mradi nakijua ni kiasi gani, nalipa bila kinyongo.

Mwezi ujao anakwenda likizo kwao Taita. Jumamosi badali wake atakuja washinde wawili, ili mama amzoee na aone jinsi anavyopenda uji wake uwe mzito. Ofisi ilitaka kututoza watu wawili siku hiyo. Nimebishana nao jioni nzima kwa simu, tumegawana gharama nusu kwa nusu.