Mimi watatu kwenye sataranji: taima, majaribio matano hadi sasa

Ninachotaka ni picha moja tu. Mimi nimekaa upande huu wa meza nasogeza kete, mimi nimekaa upande wa pili nimeshika tama, na mimi wa tatu nimesimama nyuma nawacheka wote wawili. Hakuna wa kunipigia, na hata angekuwepo ningemwomba asiiguse kamera. Mchezo huu unakwenda hivi: kamera haitikisiki, mimi ndiye ninayehama, halafu picha zinaunganishwa kwenye kompyuta.

Jaribio la kwanza

Nilianza na kamera yangu ndogo. Taima yake, yaani kile kinachochelewesha picha baada ya kubonyeza kitufe, ina chaguo mbili, sekunde 2 na sekunde 10, na ikishapiga picha moja imemaliza kazi. Ile ya sekunde 2 si ya kukimbilia popote. Hiyo ni ya kuipa tripodi (stendi ya miguu mitatu) nafasi ya kutulia baada ya kidole kuachia kitufe. Basi nikachukua 10. Bonyeza, kimbia, kaa, tengeneza uso, taa inamweka polepole, inaharakisha, klik. Inuka, rudi, bonyeza tena. Mara kumi na nne.

Kwenye kompyuta nilizipitisha haraka haraka nikaona meza inacheza dansi. Kila nilipobonyeza nilikuwa nimeisukuma kamera kidogo. Hilo peke yake lingetosha kuniudhi, lakini pia fokasi, pale kamera inapolenga ili patoke safi, ilikuwa kwenye pazia. Zote kumi na nne. Pazia limetoka vizuri mno, unaweza kuhesabu nyuzi.

Jaribio la pili: fagio

Kosa la pazia lilikuwa langu. Kwa kawaida kamera hutafuta fokasi wakati kitufe kinabonyezwa, si wakati picha inapigwa. Nilipobonyeza kiti kilikuwa kitupu, ikatazama mbele, ikakutana na pazia, ikaridhika. Sekunde kumi baadaye nimeketi pale nikitabasamu kama bwana harusi, nayo haina habari nami.

Dawa yake: weka kitu mahali utakapokuwa. Niliegemeza fagio kwenye kiti, nikalivalisha kofia yangu ili kamera ipate kitu chenye mistari ya kushika, nikalenga pale, kisha nikahamishia fokasi kwenye hali ya mkono ili isitafute tena. Tundu la lenzi nikaliweka f/8, yaani dogo, ili vya karibu na vya mbali vyote vitoke safi. Kwa f/2.8, tundu pana, yule wa kwenye kiti angetoka safi na yule wa nyuma angekuwa ukungu, nami nawataka wote watatu waonekane.

Fokasi ilikubali. Meza iliendelea kucheza.

Jaribio la tatu: picha tisa kwa mpigo

Niliazima Nikon D7000. Kwenye menyu yake ya taima unachagua kuchelewa kwa sekunde 2, 5, 10 au 20, idadi ya picha kuanzia 1 hadi 9, na nafasi kati ya picha na picha: nusu sekunde, 1, 2 au 3. Nilifurahi nikadhani safari imefika mwisho. Canon nyingi za EOS nazo zina taima ya mfululizo, unachagua picha 2 hadi 10, na Sony nyingi hutoa 3 au 5. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni, ni mimi tu niliyekuwa sijafungua menyu.

Lakini piga hesabu. Picha 9 kwa nafasi ya sekunde 3 ni sekunde 24 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ndani ya sekunde 3 nitoke kiti hiki, nizunguke meza, niketi, nishike tama bila kuhema? Nilijaribu. Nina picha nzuri sana za mgongo wangu, moja nikiwa nimekunjama kama mtu aliyepoteza sarafu chini ya meza, na moja ya mkono pekee ukitoka pembeni ya fremu.

Picha za mfululizo zina kazi yake, nayo ni kope. Mtu hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo takriban kila sekunde 3 au 4. Ukipiga moja, bahati nasibu. Ukipiga 9 kwa nusu sekunde, zote zinaisha ndani ya sekunde 4, na hata ukipepesa mara moja au mbili zinabaki nyingi za kuchagua. Kwa picha ya watu wengi ningetumia hiyo bila kufikiri mara mbili. Kwa mtu mmoja anayejifanya watatu, haifai.

Jambo dogo nililojifunza hapohapo: mwanga huingia kupitia tundu la kuchungulia wakati jicho lako halipo, na kipima mwanga kinadanganyika. Ndiyo maana kamera hii huja na kifuniko cha DK-5. Sikukiona kwenye mfuko, nikabandika karatasi nyeusi. Ukipanga mwanga wote kwa mkono tatizo hili halikuhusu.

Jaribio la nne: vipindi

Nikaachana na taima kabisa. Kamera hiyohiyo ina upigaji wa vipindi: unaiambia ipige picha moja kila baada ya muda fulani, mara kadhaa, na huigusi tena. Nikapanga kila sekunde 25, mara 20. Ni kama dakika 8 za kuwa mchezaji, mshindwa na mtazamaji. Meza ilitulia. Hatimaye!

Tatizo jipya: hakuna taa ya kunitahadharisha. Mwanzoni nilihesabu kwa sauti, nikachanganyikiwa kwenye kumi na saba. Sasa nasikiliza mlio wa kioo cha ndani ya kamera, kinachoinuka kila inapopiga. Ukilia tu nahama papo hapo, nakaa, na zile sekunde zinazobaki natulia. Niliwahi pia kujaribu kubadilisha shati kati ya mlio na mlio. Picha namba 11 ni kichwa ndani ya kola, mikono juu. Sitarudia, nitabadilisha kofia tu.

Mwanga nilikuwa nimeufunga: picha ya 1/125 ya sekunde, f/8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800, na jinsi kamera inavyosoma rangi nyeupe nayo kwa mkono. Lakini mwanga wenyewe ulitoka dirishani, na mawingu hayana menyu. Namba 4 na namba 9 zilipishana weupe hadi mimi wa kushoto nikaonekana nimekatwa kutoka nyumba nyingine.

Jaribio la tano

Usiku, pazia limefungwa, taa ya dari. Kwenye 1/125 rangi ilibadilika kidogo kutoka picha hadi picha. Taa nyingi hupepesa kufuata umeme, na kwenye umeme wa hezi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde. 1/125 haimalizi hata mpepeso mmoja, kwa hiyo kila picha inakamata kipande tofauti. Nikashusha hadi 1/50, ambayo hukusanya mipepeso miwili mizima, na kwa kuwa taa ya dari ni hafifu kuliko dirisha la mchana, ISO ilikuwa 1600. Rangi ikakaa.

Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nilifungua picha tatu kama tabaka, moja juu ya nyingine, nikaweka maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya tabaka), nikapaka nyeusi pale nilipotaka mwenzake wa chini aonekane. Nusu saa tu, kwa sababu hakuna mimi aliyempita mwingine mbele. Ila mimi mcheza kete niligusa meza kwa kiwiko. Farasi mmoja amegeuka, kwenye picha nyingine hajageuka, na ukingo wa maski unapita katikati yake. Ana vichwa viwili.

Wikendi ijayo: kete zote zitabanwa kwa gundi ya karatasi kwa chini, na nafasi itakuwa sekunde 30. Kabati la nyuma lina mlango wa kioo, nao unamwonyesha mimi mmoja tu, kwa hiyo mlango utaachwa wazi.